Chembe Iliyo Katikati

Kiswahili kimeiita kompyuta ya kubebeka kompyuta mpakato, na jina hilo limetokana na kitenzi kupakata, ambacho tangu zamani kimetumika hasa kwa mtoto mchanga anayewekwa mapajani na kuzungushiwa mkono ili asianguke. Wapo Wakenya wanaopendelea kipakatalishi, neno lililoundwa kwa mzizi huohuo, na mitaani, kuanzia Mombasa hadi Kigoma, watu husema laptopu bila kujisumbua. Lakini jina lolote litumike, mzizi wa kupakata umekwisha kusema jambo ambalo wauzaji wa makava na mifuko hawana haraka ya kulisema, nalo ni kwamba kifaa hiki kiliundwa ili kiguswe. Kabati husimama ukutani miaka 20, na televisheni hufunikwa kitambaa cha kudarizi ikisubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mpakato hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku, huegemewa na viganja saa kwa saa, huingizwa begini pamoja na chaja, funguo na chupa ya maji, kisha hubanwa kati ya abiria wawili ndani ya daladala au matatu. Kitu kinachopakatwa hivyo hakiwezi kubaki kama kilivyotoka kwenye boksi lake, na kwa hiyo swali lenye maana si namna ya kukiepusha na kuguswa, bali ni mguso upi ulio na madhara na upi usio nayo.

Swali hilo lina elimu yake. Mwaka 1966 mhandisi Peter Jost aliongoza kamati iliyowasilisha kwa serikali ya Uingereza ripoti juu ya hasara inayotokana na msuguano na uchakavu viwandani, na humo likaingizwa neno jipya, tribolojia, lililoundwa kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kusugua. Tribolojia ni elimu ya nyuso mbili zinazokutana huku moja ikitembea juu ya nyingine: kwa nini zinashikana, kwa nini zinalika, na ni kitu gani kinachoweza kuwekwa katikati ili zisilike upesi. Miaka 13 kabla ya ripoti hiyo, mwaka 1953, Mwingereza John Archard alikuwa amekwisha kuandika kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo, isemayo kwamba kiasi cha uso kinacholika huongezeka kadiri mgandamizo unavyokuwa mkubwa na kadiri safari ya kusuguana inavyokuwa ndefu, na hupungua kadiri uso ule unavyokuwa mgumu. Mwenye kuisoma kanuni hiyo huku begi likiwa mgongoni mwake hatashindwa kuiona ikifanya kazi: kitabu kizito cha chuo kinachoubana mfuniko wa mpakato ndicho mgandamizo, na mtikisiko wa barabara yenye mashimo ndiyo safari, kwa kuwa kila tikiso husogeza vitu hivyo milimita mbili tatu kwenda na kurudi, na milimita hizo zikijumlishwa kwa muhula mzima hazikosi kuwa mamia ya mita. Mfuniko wa kompyuta, bila kutoka ndani ya begi, umesuguliwa umbali wa kutoka nyumbani hadi kituoni.

Linabaki suala la ugumu. Njia rahisi kuliko zote ya kuupima ni ile ya Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, ambaye mwaka 1812 aliyapanga madini kumi kwa ngazi, kila moja likiweza kulikwaruza lililo chini yake na likishindwa kulikwaruza lililo juu yake. Talki, jiwe laini linalosagwa kuwa poda, liko kwenye ngazi ya 1, na almasi iko kwenye ngazi ya 10. Ukucha wa binadamu hufika karibu 2.5, alumini ghafi haifiki 3, na kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5. Ngazi hiyo inawaondolea lawama washukiwa wengi: kidole hakiwezi kukikwaruza kioo, pamba haiwezi, karatasi haiwezi, na hata ukucha unaogongagonga skrini ya kioo kwa hasira hauachi alama yoyote isipokuwa mafuta. Lakini kwatzi, madini ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida wa mtoni na barabarani, iko kwenye ngazi ya 7, juu ya kioo, juu ya alumini, juu ya kila plastiki iliyopata kutumika kutengenezea kompyuta. Vumbi jekundu la bara, lile linaloingia mpaka ndani ya sahani zilizofunikwa, kwa sehemu kubwa ni udongo laini uliopakwa rangi na kutu ya chuma, na lingekuwa hilo peke yake lisingekuwa na makosa makubwa. Tatizo ni chembe za kwatzi zilizofichama ndani yake. (Mchanga mweupe wa pwani ya mashariki ya Unguja, kwa kuwa umetokana na matumbawe na magamba ya viumbe wa baharini, ni laini zaidi na hauwezi kukichuna kioo, lakini jambo hilo lisimpe mtu ujasiri wa kuandikia mchangani, kwa sababu plastiki huchunwa nao vizuri tu, na chumvi inayokuja nao ina ubaya wake, kama itakavyoonekana.)

Lugha yenyewe ilikuwa imeshika habari hii kabla ya viwanda kufika. Karatasi ya kusugulia mbao inaitwa msasa kwa sababu hapo kale mafundi hawakuwa na karatasi hiyo, bali walitumia majani ya mti uitwao msasa, wa jamii ya mkuyu, ambayo uso wake ni mkavu na wenye kukwaruza, wakaulainisha nayo ubao mpaka ukubali kung'arishwa. Msasa wa dukani umefuata wazo lilelile, isipokuwa badala ya jani kuna karatasi iliyogandishiwa chembe ngumu kwa gundi. Wataalamu wa tribolojia hutenganisha hali mbili hapa, na tofauti yake inafaa kushikwa barabara. Katika hali ya kwanza, iitwayo mkwaruzo wa miili miwili, chembe zimeng'ang'ania uso mmoja na kuukwaruza mwingine, kama msasa unavyofanya. Katika hali ya pili, mkwaruzo wa miili mitatu, chembe iko huru katikati ya nyuso mbili ambazo zote ni laini kuliko yenyewe, nayo hubingirika na kuzichuna zote mbili huku zenyewe zikiwa hazina ugomvi. Hali ya pili hugeuka kuwa ya kwanza kwa urahisi mno: chembe huru inaponasa ndani ya uso mmoja, uso huo umekuwa msasa.

Hapo ndipo mfuko laini wa kompyuta unapostahili kutazamwa upya. Mifuko mingi hushonwa kwa neoprini, mpira wa kutengenezwa uliopatikana katika maabara za kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1930, na ndani yake hutiwa kitambaa chenye manyoya mafupi ambacho kwa mkono huhisika kama mgongo wa paka. Upole huohuo ndio unaoshika mchanga. Chembe iliyoingia na kompyuta jioni moja, baada ya kikao cha chini ya mwembe, hujificha kati ya manyoya, haionekani wala haikung'utiki kwa tikiso moja, na kuanzia siku hiyo kila kompyuta inapoingia na kutoka hupita juu yake. Mikwaruzo mirefu iliyo sambamba, inayokwenda upande ambao mfuko hufungukia, ni ushahidi wa kutosha. Mwenye kompyuta huishangaa, kwa maana alikuwa makini, hakuwahi kuiacha bila mfuko hata siku moja. Na hakika makini hiyo ndiyo iliyoikwaruza, kwa sababu aliusafisha mpakato na hakuusafisha mfuko wake.

Ngozi ya kompyuta yenyewe nayo ina habari ya kushangaza. Nyingi kati ya zile zinazouzwa kwa bei kubwa zina mwili wa alumini, na alumini, kama ilivyokwisha kuonekana, ni laini. Kinachoiokoa ni utando unaooteshwa juu yake kiwandani: kipande cha alumini hutumbukizwa ndani ya asidi na kupitishiwa umeme, na uso wake hugeuka kuwa oksidi ya alumini, yaani alumini iliyoungana na oksijeni. Utando huo haupakwi kama rangi, bali huota kutoka ndani ya metali yenyewe, ndiyo maana haubanduki. Njia hiyo ilianza kutumiwa viwandani nchini Uingereza mwaka 1923, katika kuzikinga sehemu za ndege za majini zisiliwe na maji ya chumvi. Kwa hiyo kompyuta inayong'aa mezani jijini Nairobi imevaa vazi lililokatwa kwa ajili ya bahari. Oksidi ya alumini ikiwa jiwe kamili ndiyo rubi na yakuti, zile za Longido na za bonde la Umba mkoani Tanga, na kwenye ngazi ya Mohs hushika nafasi ya 9. Utando wa kiwandani una vitundu vidogo na haufiki ugumu wa jiwe, ila ni mgumu wa kutosha kustahimili funguo na sarafu. Na hapa kuna jambo ambalo fundi seremala yeyote atalipenda: oksidi ya alumini ndiyo pia hutumika kuwa meno ya misasa mingi inayouzwa madukani. Ngozi ya kompyuta na jino la msasa ni kitu kimoja.

Udhaifu wa ngozi hiyo ni wembamba wake. Unene wake hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za milioni za mita, na kwa kawaida haufiki hata nusu ya unene wa unywele, ilhali chini yake kuna metali ile laini ya mwanzo. Kompyuta inapoangukia kona, utando hauna pa kuegemea; metali hubonyea na utando hupasuka juu yake kama ganda la yai la kuchemsha linalogongwa mezani. Palipopasuka hapaoti tena, na hakuna rangi ya dukani itakayopaziba pasionekane. Jasho la viganja, lenye chumvi, na upepo wa bahari, wenye chumvi zaidi, hupenya katika mipasuko hiyo na kuanza kuitafuna alumini, na vidoa vyeupe vinavyojitokeza kando ya kibodi baada ya miaka michache ya kazi pwani ni matokeo yake. Aliyebuni utando ule kwa ajili ya bahari alijua kwamba haukuwa mwisho wa kazi.

Mabaharia wa pwani hii walilijua hilo vilevile, na kwa muda mrefu zaidi. Mbao za jahazi zilipakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu ambayo aliyeinusa mara moja haisahau, na sehemu inayozama majini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili wadudu watoboao mbao wasipate mlango. Hakuna nahodha aliyefikiri kwamba sifa ya mwaka huu ingetosha na mwaka ujao. Chombo kilipandishwa ufukweni, kikaparuzwa magome na mwani, kikatiwa kalafati mahali palipoachia, kikapakwa upya, kisha kikashushwa. Na kulinda kulikuwa jina la mzunguko huo mzima, wala si jina la kitu kilichonunuliwa na kufungwa juu ya chombo. Tofauti kati ya fikra hiyo na fikra ya duka la vifaa vya kompyuta ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Dukani ulinzi ni ganda: hulipiwa mara moja, huvishwa mara moja, na mnunuzi hurudi nyumbani akiwa amefarijika. Ufukweni ulinzi ni kazi ya mkono, na mkono huo hauachi kuijua hali ya chombo.

Desturi ya kufunika, hata hivyo, ni ya zamani na haipaswi kudharauliwa. Msahafu huwekwa ndani ya mfuko wa kitambaa na kupandishwa mahali pa juu. Daftari la mwanafunzi huvikwa karatasi ya kaki au gazeti kabla ya muhula kuanza. Rimoti hufungwa nailoni mpaka tarakimu zake zisomeke kwa taabu. Friji jipya huachwa na plastiki ya dukani mlangoni hadi plastiki yenyewe ikunjamane na kushika weusi. Matendo haya yanaonekana kuwa tendo moja, na sivyo. Mfuko wa msahafu huvuliwa kila msomaji anapotaka kusoma na huvishwa tena anapomaliza, kwa hiyo mkono hupita juu ya kitabu kila siku na vumbi halipati kulala. Kufunika huko ni sehemu ya kusoma. Nailoni ya rimoti haivuliwi kamwe, na mwenye nyumba huishi na nailoni, asiishi na rimoti. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na nailoni ile ni jaribio la kuufungia unyemi huo ndani ili usiondoke. Unaondoka vilevile, kwa kuwa upya wa kitu haukai juu ya uso wake, na mwenye nacho hukosa pande zote mbili, upya na matumizi.

Kava gumu la plastiki linalobanwa juu ya mfuniko na chini ya kitako cha kompyuta liko upande wa nailoni. Hushikwa kwa vijino vidogo pembeni, na kati yake na mwili wa kompyuta hubaki nafasi nyembamba ambamo vumbi huingia na haliwezi kutoka, likasagwa humo kila begi linapotikisika. Mkwaruzo wa miili mitatu ulioelezwa hapo juu hauwezi kuandaliwa mazingira bora kuliko hayo. Kava huongeza uzito juu ya mfuniko, na uzito huo hubebwa na bawaba ambazo hazikukadiriwa kuubeba, na katika baadhi ya miundo huzuia joto lisitoke. Linamfaa mtu wa namna moja tu, yule ambaye huangusha vitu, kwa kuwa kona za plastiki hupokea pigo ambalo kona za alumini zingelipokea zenyewe. Wengine wote hulipia kava ili kuficha mikwaruzo ambayo kava lenyewe linaitia.

Skrini inahitaji maneno yake. Si kila skrini ni ya kioo: zile zisizong'aa, zinazopendwa na watu wa ofisini kwa sababu haziakisi mwanga wa dirisha, kwa juu ni utando wa plastiki, na plastiki hiyo huchunika hata kwa karatasi ya chooni yenye nyuzi ngumu. Gazeti linalofaa kusafishia kioo cha dirisha halifai hapa, wala pindo la kanga lililokauka na vumbi la uani. Kinachofaa ni kitambaa cha nyuzi ndogo sana, safi, kilicholoweshwa kidogo maji yasiyo na chumvichumvi, tena maji hayo yatiwe kwenye kitambaa na si kwenye skrini, kwa sababu tone moja linaloteremka hadi ukingo wa chini huweza kuingia lisikotakiwa. Mtindo wa kupuliza dawa ya kusafishia vioo moja kwa moja umeharibu skrini nyingi, kwa kuwa dawa hizo nyingi zina amonia, na amonia huubandua utando unaopunguza mwako wa mwanga. Alama zinazofanana na safu za vitufe, ambazo wengi huzidhania kuwa mikwaruzo, mara nyingi ni mafuta ya vidole yaliyohamia kwenye skrini mfuniko unapofungwa na kubanwa, nazo hufutika. Zisipofutwa, mafuta hukamata vumbi, na vumbi ndilo linaloleta mikwaruzo ya kweli.

Nafasi kati ya skrini na kibodi wakati kompyuta imefungwa imekuwa ndogo kiasi kwamba mwaka 2020 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake wasifunge kompyuta zao huku kamera ikiwa imebandikwa kifuniko kinene, kwa maana kifuniko hicho, kilichowekwa kwa ajili ya kulinda faragha, kiliweza kuivunja skrini. Kama kifuniko cha kamera kinatosha kuivunja, basi punje ya mchele iliyodondoka wakati wa chakula cha mchana inatosha pia, na ncha ya kalamu iliyosahauliwa juu ya kibodi imezidi.

Mpaka hapa uso ndio uliozungumzwa, na kwa kweli uso ndio unaowaumiza wenye kompyuta kuliko sehemu nyingine yoyote, ingawa si uso unaoziua. Kompyuta huuawa na chai iliyomwagika, na vumbi lililoziba feni hadi joto likakosa njia, na betri iliyovimba kwa sababu ya miaka ya kukaa kwenye chaja ndani ya chumba chenye joto, na pia bawaba. Bawaba ya mpakato hushikilia skrini kwa msuguano uliokusudiwa, ndiyo maana skrini hubaki pale inapoachwa; mfuniko unaoinuliwa kwa kona moja badala ya katikati huipindua bawaba moja kabla ya nyingine, na siku kwa siku skrubu hulegea ndani ya plastiki iliyozishika, mpaka siku moja mfuniko unapofunguliwa hutoka na kipande cha mwili. Hakuna mkoba unaozuia hilo. Linazuiwa na mkono uliojizoeza kushika katikati, jambo lisilouzwa popote.

Wapo waliowahi kuianzisha kompyuta kutokana na mkono utakaoishika badala ya kuutungia mkono masharti baadaye. Kompyuta ndogo ya kijani na nyeupe ya XO-1, iliyoanza kuzalishwa kwa wingi mwaka 2007 na mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto ulioasisiwa na Nicholas Negroponte wa Marekani, ilikusudiwa kwa wanafunzi wa shule za msingi, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoipokea kwa wingi. Waundaji wake walijua kwamba mtoto hatatii maelekezo ya kijitabu. Kuta zake za plastiki zilikuwa na unene wa milimita 2, kibodi yake ilikuwa kipande kimoja cha mpira kisicho na mwanya wa kupitisha vumbi wala maji, haikuwa na feni wala diski inayozunguka, na masikio yake mawili, ambayo yalikuwa antena, yalipokunjwa yalifunika matundu ya pembeni. Mradi ulikosolewa kwa mengi, na ukosoaji mwingine ulikuwa wa haki, hasa juu ya walimu ambao hawakuandaliwa vya kutosha. Lakini kama kuna kompyuta iliyowahi kustahili jina la mpakato kwa maana yake ya kwanza, ni hiyo, iliyodhani tangu mwanzo kwamba itabebwa kwa mikono yenye matope na haikumlaumu aliyeibeba.

Kompyuta zinazofika katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi zikiwa zimekwisha kutumika maofisini Ulaya, Marekani na katika nchi za Ghuba hupangwa kwa gredi, na gredi hiyo hutegemea sana uso: mikwaruzo ikiwa haba ni gredi A, na ikizidi bei hushuka. Mnunuzi mwenye uzoefu huutumia mpango huo kwa manufaa yake. Huiacha iliyong'arishwa, huichagua iliyochunika mgongoni, kisha huifungua na kuifunga mara tatu nne akisikiliza bawaba, hugusa chini kuona kama joto lina mahali pa kutokea, na huchungulia vitufe. Kizuri hakikosi ila, na mnunuzi huyo amejua kwamba ila iliyo mgongoni ni bora kuliko iliyo viungoni.

Vitufe ndivyo vinavyosema zaidi. Plastiki inayotumika kwa vitufe vingi huwa na uso wenye vipele vidogo visivyoonekana, na ncha za vidole huvisawazisha vipele hivyo kidogo kidogo hadi kitufe kianze kung'aa, kwa kuwa uso uliosawazishwa huurudisha mwanga upande mmoja badala ya kuutawanya. Huu ni uchakavu wa namna nyingine kabisa na ule wa mchanga: hauna chembe iliyojiingiza katikati, ni ngozi na plastiki tu, na kasi yake ni ya miaka. Nao huchagua. Katika kompyuta ya mwandishi wa Kiingereza kitufe cha herufi kinachotumika zaidi ni cha E, kwa sababu ndiyo herufi inayojirudia zaidi katika lugha hiyo. Katika kompyuta ya mwandishi wa Kiswahili ni cha A, herufi iliyojaa katika viambishi, katika vitenzi na katika miisho ya maneno, iliyowekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto ambacho hakikuumbwa kwa kazi nzito. Q na X, ambazo alfabeti ya Kiswahili haina, hubaki na vipele vyake vyote. Hivyo kompyuta iliyotumika miaka mitano katika chumba cha habari cha gazeti la Kiswahili inaweza kutambulika lugha yake ikiwa imezimwa. Wako wanaofunika kibodi kwa utando wa silikoni ili jambo hilo lisitokee, na hakuna sababu ya kuwafuata. Utando huo hushika joto, hulegeza mguso, na kile unachokizuia hakikuwa hasara.

Hukumu basi si ngumu kutolewa. Uchakavu unaoletwa na mkono hauhitaji kukingwa, na ule unaoletwa na chembe hauzuiwi na ganda lolote ambalo halivuliwi na kusafishwa. Msomaji mwenye mpakato ndani ya begi na aanze na begi lenyewe: alitoe kila kitu, aligeuze ndani nje, aupindue pia ule mfuko laini, avikung'ute vyote dirishani mpaka visitoe kitu, kisha chaja na funguo avitafutie mfuko wa pembeni.